Fundi aliyeghairi bila kutoa sababu

Jua halijapanda vizuri na Pimamaji tayari yuko magotini katika bafu la ghorofa ya tatu, anagonga vigae kwa mpini wa nyundo. Kinacholia tupu anakibandua. Mafundi wenzake walimpa jina hilo kwa sababu kifaa chake cha kupimia usawa hakimtoki mfukoni, hata akienda msibani.

Jengo ni la mapumziko, na vyumba vyake vinauzwa kwa wiki. Mnunuzi hapati nyumba. Anapata wiki moja ya kila mwaka, pamoja na ada ya matunzo isiyo na mwisho, ambayo hata wanawe wanaweza kuirithi.

Mwaka jana naye alinunua. Kampuni iliwaalika mafundi kwa soda na muziki, na muuzaji mwenye tai akamwingiza katika chumba alichokiwekea vigae yeye mwenyewe. Pimamaji akapiga magoti, akagonga sakafu yote. Hakuna kigae kilicholia tupu. Akatia sahihi.

"Nilikagua kazi yangu nikaridhika," anasema, akicheka kwa aibu. "Mkataba sikuugonga."

Pesa aliyolipa ilikuwa ya paa. Kinyozi hajinyoi: yeye, mkewe na mapacha wao wamepanga chumba kimoja, na nyumba anayojenga imesimama kuta tupu, inanyeshewa. Mama Pacha alipoambiwa hakugomba. Aliuliza tu kama wiki huwa inazuia mvua.

Usingizi ukamruka. Akaenda ofisi ya kutetea wanunuzi akiwa ameshaandaa sababu zake: mama mgonjwa, kazi zimepungua, mgongo unauma. Ofisa, mama wa makamo, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamweleza kwamba sheria inampa mnunuzi wa wiki siku kumi na nne za kubadili mawazo tangu asaini. Kwake zilikuwa zimebaki mbili. Aandike kuwa ameghairi, apeleke, na kampuni itarudisha kila senti.

"Nikamuuliza, niandike sababu gani? Akasema hakuna. Nikauliza tena. Akaniambia, 'Kaka yangu, hudaiwi sababu.'"

Hapo Pimamaji anaweka nyundo chini.

"Tangu nizaliwe, kila ofisi niliyoingia imenidai sababu. Kumbe yuko mtu alikaa akanifikiria mimi, fundi, kabla sijakosea."

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kifungu hicho cha sheria hakikuota chenyewe. Ofisa alimwambia kimetokana na machozi ya wanunuzi waliotangulia.

Alipopelekewa barua ya kughairi, muuzaji hakukubali kirahisi. Alidai mkataba haurudi nyuma, akaagiza soda nyingine, akataka kujua kwa nini. Pimamaji, na saruji yake kwenye fulana, akamjibu kwamba sheria yenyewe haikumuuliza. Fedha zilirudi baada ya wiki tatu, na kazi hakunyimwa, maana fundi wa aina yake haokotwi. Rafiki yake fundi bomba alinunua siku ileile, akaona aibu kusema mpaka muda ukapita. Yeye bado anahangaika.

Mama Pacha naye aliuliza ni sababu gani iliyowalainisha watu wa kampuni. Akaambiwa hakuna, sheria haidai.

"Kumbe na sisi tumo kwenye sheria," akasema.

Mabati yameshanunuliwa, paa litapandishwa mwezi ujao. Lakini chumba kile bado kinamvuta fundi, wala hafichi.

"Nyumba ikiisha, nitamleta mama watoto tulale hapa usiku mmoja, tulipe kama wageni wengine. Asubuhi tunarudisha ufunguo, tunaenda kwetu."