Pembe za Lokwang Katika Ngoma ya Java

Enzi zetu pale Lodwar, kitu kigeni hakikuingia kwa simu. Kilikuja juu ya lori kutoka Kitale, kimejaa vumbi la Kainuk, nasi watoto tukilikimbilia miguu mitupu hadi misheni. Ndivyo vilivyofika vyombo vya Sista Ratna, mwalimu wetu wa darasa la tano, mzaliwa wa kisiwa cha Java huko Indonesia.

Viliitwa gamelan: vyungu vya shaba vilivyopangwa safu kama sufuria zilizofunikwa, vyuma vya kugongwa kwa nyundo ya mti, na upatu mmoja mpana kuliko sinia ya harusi. Wenzangu walipiga, mimi nikachaguliwa kucheza. Sheria ya kwanza: chombo hakirukwi, unakizunguka hata ukiwa na haraka. Nyanya yangu, tuliyemwita Ata, alilikubali hilo mara moja. Hata kigoda cha babu, alisema, hakuna aliyethubutu kukiruka.

Ngoma yenyewe ndiyo iliyomshinda. Sisi Waturkana tunacheza kwa kuruka. Java wanacheza taratibu, nyayo zikibembeleza ardhi, vidole vikisema mengi. Kila jioni nilifanya mazoezi nyuma ya nyumba, Ata akitafuna tumbaku na kunitazama.

"Ngoma isiyoruka ni ya mtu aliyefiwa na mbuzi wote," alisema.

Akaniambia atakuja siku ya wazazi, na nikimwaibisha, shule imekwisha. Nitaenda Lokori kuchunga. Ata hakuwa na mzaha katika mambo ya mbuzi.

Siku ikafika, na mandazi, na akina mama wenye shanga hadi kidevuni. Upatu ukanguruma, vyuma vikalia kama mbuzi wenye kengele wakirudi kutoka mtoni. Nikainua mikono polepole, viwiko vimepinda. Wavulana wa nyuma wakaulizana kama nimeumwa na nge.

Ndipo Ata akasimama. Kwetu, mtu anayeimba sifa za fahali wake hupinda mikono kuigiza pembe zake, naye alipoiona yangu hakuwa na shaka.

"Lokwang huyo," akawaambia majirani. "Tazameni, pembe ya kushoto imelala."

Lokwang alikuwa fahali mweupe wa babu, na alikufa kabla sijazaliwa. Ata akauanza wimbo wake, akina mama wakaupokea kwa makofi na kuruka. Sista akatabasamu, akawaashiria wapigaji wamfuate Ata. Habari za Lokori hazikutajwa tena.

Juzi, hapa Kakuma ninapoishi sasa, nilimwonyesha binti yangu gamelan kwenye simu. Akatazama kidogo.

"Mathe, hii imekwama ama ndio wanadance?"

Nilicheka mpaka machozi. Siku hizi dunia nzima inaingia mfukoni bila vumbi, ila haimkuti Ata akiwa na wimbo wa kuipokea. Nikaiweka simu chini, nikainua mikono, wa kushoto nikaulaza kidogo.