Mungu Hatakuacha Ushuke

Jumapili iliyopita, kanisani kwetu Kibirizi, alisimama kuombewa mama aliyefika kwa boti kutoka Kongo. Binti yake yuko hospitalini Kigoma, anangoja kupasuliwa. Mhubiri mgeni akamtia moyo kwa Kiingereza: "God will not let you down."

Mwalimu wetu wa kwaya, aliyesoma Burundi, akayageuza maneno hayo kwa Kifaransa neno kwa neno, ikawa kama kusema: Mungu hatakuacha ushuke chini.

Mama akakaza kitenge. "Nisishuke namna gani?" akauliza, kwa Kiswahili. "Boti nilishashuka asubuhi! Mtoto wangu ananingoja!"

Nilicheka katikati ya maombi, Bwana anisamehe. Bibi aliyekaa karibu na mama akamshika mkono. "Mwanangu, anasema Mungu hatakuangusha."

"Ah! Mungesema vile," mama akajibu, akaanza kulia.

Kumbe aliyehitaji mkalimani ni mhubiri peke yake. Sisi wengine, tukitaka kumheshimu mama wa Kongo, tulisahau kumwuliza anaongea lugha gani.

Baada ya ibada tulimpeleka mama kwa bajaji, mimi na mwalimu. Tulipofika hospitalini mama alibaki ameketi ndani, akiutazama mlango wa hospitali. Mwalimu akatoka kumpisha.

"Haya mama, shuka. Mungu ameruhusu."

Mama akacheka, akashuka, akaingia kwa binti yake.