Sindano ya Wahindi wa Zamani

Hapa Kolwezi, kwa dokta wa macho, jirani yangu mushonaji alinishika mukono kwa nguvu. Ukungu wa jicho ulikuwa umemuzuia kazi, lakini kupasuliwa aliogopa.

"Dokta, mi najua Bahindi ni ba magazini, ba kuuzisha vitu. Macho mulijulia wapi?"

Dokta Muhindi alicheka. "Mama, bankambo yetu, bazee ba zamani, balisukumaka huu ukungu na sindano, maelfu ya miaka."

"Bila umeme?"

"Bila umeme."

Mara umeme ukakatika, na barrage ya Nzilo yenye kutoa umeme iko hapa karibu! Dokta akasema tungoje groupe, ile jenereta yake, iwake.

Jirani akaachia mukono wangu. "Tungoje ya nini? Bankambo yako balingojaka?"

Tulingoja, akapasuliwa. Leo amepitisha uzi kwenye sindano mwenyewe, na mi nkambo muzee nasimulia ile sindano ingine kwa kila mutu.