Siku Wali wa Mama Ulipotafutwa

Wali wa moto ukimwagiwa siki hutoa mvuke unaochoma pua mpaka machozi yakutoke. Jumapili iliyopita, jikoni kwangu hapa Kiamunyi, nilikuwa nikiwaandalia watoto sushi, ule wali wa Kijapani unaokunjwa ndani ya mwani, mvuke huo ukanipiga usoni, nikajikuta nacheka peke yangu. Kitinda mimba wangu aliuliza kama niko sawa. Nilikuwa sawa kabisa. Nilikuwa Milimani, jikoni kwa Anti Nyokabi, nina miaka kumi, na mamangu alikuwa karibu kumnyamazisha kila mtu aliyewahi kuucheka wali wake.

Lazima nikueleze habari za wali huo. Mamangu alikuwa anapika wali unaoshikana. Ukiuchota ulitoka bonge zima, na ukiupakua ulibaki na umbo la mwiko. Kwetu hilo ni jambo la aibu. Mwanamke anayejua kupika, wali wake unaachana, na Anti Nyokabi, dada mkubwa wa babangu, ndiye aliyekuwa bingwa. Alikaanga mchele kwa mafuta na kitunguu kabla ya kutia maji, na ulipoiva ungeweza kuzihesabu punje. Familia ilipokutana, hakuna aliyemruhusu Mama kukaribia sufuria ya wali. Akifika tu, alipewa kisu na kabichi.

"Mama Ciku, wewe tukatie kabeji," Anti alikuwa akisema, akimwita kwa jina langu. "Hiyo mchele wacha, tusije tukaikunywa na kikombe."

Watu walicheka. Mama naye alicheka kidogo, akakata kabichi nyembamba kama uzi. Hata mimi nilicheka, naona haya kusema. Na nyumbani kwetu Njoro nilimwambia uso kwa uso kwamba wali wa Anti ni mtamu kuliko wake. Aliniongezea supu.

Sasa, binti ya Anti, aitwaye Shiro, alikuwa anafikisha miaka kumi na minane. Alikataa kuku, akakataa pilau, akasema anataka sushi kama alizoona kwenye televisheni. Anti hakuwa mtu wa kushindwa na chakula. Aliagiza mwani kutoka Nairobi, karatasi kumi, Shiro akaenda saiba, kwenye kompyuta za kulipia, akachapa maelezo, na familia nzima ikaalikwa chakula cha mchana. Babu yetu, Guka, alipiga simu mapema kuuliza kama ni kweli watu watapewa samaki mbichi. "Mimi si paka," alisema. Akahakikishiwa kwamba ndani kutakuwa na smoki, zile soseji za moshi, karoti, matango na avokado, na huyo samaki atabaki huko kwa wenyewe.

Mwani wenyewe ulikuwa mkavu, wa kijani kilichokaribia weusi, ukinuka kama ufuko wa Ziwa Nakuru maji yakiwa yamepungua. Niliambiwa niutayarishe. Mtoto wa Njoro akipewa majani ayatayarishe, atafanya nini? Ataosha. Nilichukua karatasi mbili, nikazitumbukiza kwenye karai na kuzisugua polepole kama sukuma wiki, nitoe mchanga wa bahari. Zilinilegea mikononi zikawa ute mweusi.

"Ni nani alikuambia uoshe?" Anti alifoka. Kisha akaongeza neno lililoniuma kuliko kelele zile: "Haki huyu ametoa kwa mamake."

Niligeuka. Mama alikuwa kwenye kona yake, ameinamia matango, na kisu kilikuwa kimesimama.

Wali wa Anti uliiva vizuri kama kawaida yake, mweupe, unang'aa mafuta. Alitandaza karatasi ya mwani juu ya kimkeka cha mezani, akaujaza wali, akapanga smoki na karoti, akakunja kwa madaha. Alipofungua mkeka, wali ulimwagika mezani kama mahindi yakipukuchuliwa. Akajaribu tena, akikaza zaidi, nao ukatokea pande zote mbili. Mara ya tatu mwani ukapasuka. Zilibaki karatasi tano. Sebuleni wageni walikuwa wameshakaa, na Guka alikuwa ameanza kukohoa kikohozi chake cha njaa.

Shiro aliishika ile karatasi ya saiba, machozi yakimlengalenga. "Mum, hapa wamesema lazima mchele ishikane."

Sijui nani aliyeanza kugeuka, lakini mwishowe sote tulikuwa tunaitazama ile kona ya matango.

"Mama Ciku," Anti alisema, sauti imeshuka, "hiyo mchele yako… unaipikanga aje?"

Mama alijipangusa mikono kwenye leso. "Nipatieni sufuria," alisema. "Na hiyo mafuta muiweke mbali."

Nilikuwa sijawahi kumwona Mama akiamuru watu, na nilifurahi mpaka nikasahau aibu ya mwani. Aliosha mchele, akatia maji mengi, akapunguza moto, akafunika na kuweka mchi juu ya kifuniko. Anti aliponyoosha mkono afunue achungulie, Mama aliugonga kwa mwiko, kidogo tu. "Wacha ijipike." Wali ulipoiva akaumwagia siki iliyokorogwa na sukari na chumvi, kama ilivyosema karatasi ya Shiro, nikapewa sinia nipepee mpaka mikono ikauma.

Kisha akalowesha vidole na kuutandaza juu ya mwani. Uling'ang'ania pale kana kwamba ulizaliwa na mwani huo. Aliukunja kwa mkono uleule anaokunjia chapati kabla ya kuzisukuma, akakata, na vipande vikasimama mezani, duara safi, bila punje hata moja kuanguka. Aliinua kimoja juu. Macho yake yakampita Anti, yakampita Shiro, yakazunguka jikoni mpaka yakanifikia mimi. Nilidhani anataka sahani. Nikakimbia kuileta.

Anti ndiye aliyeonja kwanza. Alitafuna, akameza. "Kumbe," alisema. Na kwa heshima yake lazima niseme kwamba aliibeba sinia mwenyewe hadi sebuleni akatangaza: "Hii ni ya Mama Ciku. Mimi imenishinda." Wageni walipiga makofi. Guka alikula vipande saba, na cha nane akaomba kitolewe ile karatasi nyeusi.

Kwa miaka mingi nimesimulia kisa hiki kama siku ambayo Mama alimshinda Anti. Kisha nikapata watoto wangu, na siku moja mmoja wao akasukuma sahani yangu akasema kwa jirani wanapika vizuri zaidi. Niliumia kuliko nilivyotarajia. Hapo ndipo nilipoelewa macho ya Mama siku ile. Maneno ya Anti alikuwa ameshayazoea. Mtu ambaye Mama alitaka kumshinda ni mimi.

Na alinishinda kabisa. Krismasi iliyofuata, kwa Guka, kulikuwa na sufuria mbili za wali, ya Anti na ya Mama, nami nikasimama kwenye ya Mama bila kuambiwa, wa kwanza kwenye foleni. Alinipakulia bonge kubwa kuliko sahani, akacheka peke yake, na mimi nikadhani ni kwa sababu ameona nina njaa.