Kompyuta Zisizopata Homa

Soko huria lilipofungua milango, lilileta Kariakoo kila kitu kikiwa mtumba: magari, sidiria, na mwishowe kompyuta. Heriel, aliyeshuka kutoka Kilimanjaro kumsaidia mjomba wake dukani, akaacha kupima sukari na kwenda kufungua matumbo ya mashine hizo kwa Mzee Kantilal, muuza kompyuta. Ukoo mzima ulisikitika. Kwao, mtu kuacha kaunta kwa hiari yake ni jambo la kuombewa.

Kilichomkera Heriel ni joto. Vumbi la mtaa liliziba feni za ndani, mashine zikaungua kimya kimya. Kila moja ilikuwa na kichipu cha kupima joto, ila hakikuwa na wa kukisikiliza, kwa sababu draiva, ile programu ndogo ya kuielewanisha kompyuta na kifaa chake, ilibaki huko zilikotoka. Heriel akaamua kuiandika mwenyewe. Karatasi ya maelezo hakuwa nayo. Miezi minne aliazima drayer ya nywele kwa Klara wa saluni ya jirani, akakipuliza kichipu, akaangalia namba ipi inapanda, akaandika daftarini. Klara alisema mwanaume anayekausha kompyuta nywele anahitaji mke haraka. Siku namba ya kweli ilipojitokeza pembeni mwa skrini, 52, Heriel alilia kwa furaha na wala hakujificha.

Mteja wa kwanza kuiona alikuwa bwana Seifu, muuza vitenge.

"Hiyo hamsini na mbili ni nini?"

"Joto lake, mzee. Nyuzi hamsini na mbili."

"Mtoto akifika arobaini tunamkimbiza hospitali. Nyie mnaniuzia maiti?"

Heriel alimweleza kwamba mashine si mtu, kwamba hamsini ni afya kabisa na wasiwasi uanze sabini. Bwana Seifu alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akaenda kununua kwenye duka la pili, kompyuta ile ile, isiyosema kitu. Wiki hiyo wakaondoka wengine wawili kwa ugonjwa huo huo.

Mzee Kantilal hakuwa mtu mbaya. Alimpa Heriel meza yenye dirisha na kumgawia chapati alizofungiwa na mkewe. Akamwita pembeni.

"Heriel, mteja huwezi kumfundisha na kumuuzia siku moja. Andika thelathini na sita."

"Mzee, hiyo si kupima."

"Basi tafuta duka linalouza vipimo. Hapa tunauza kompyuta."

Heriel akatii, na kazi ya miezi minne ikaharibiwa kwa mstari mmoja wa programu, tena mfupi. Tangu siku hiyo kila kompyuta iliyotoka pale ilisema thelathini na sita, jua liwake, mvua inyeshe. Zikanunuliwa kama vitumbua vya asubuhi. Watu wakatoka Upanga na hata Magomeni kumtafuta fundi ambaye mashine zake hazipati homa. Heriel akawa na jina mjini, na jina hilo lilimchoma kila alipoitwa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, aliingia Celina wa Magomeni, mama aliyekuwa akichapa barua na kadi za michango ya harusi kwa kompyuta moja tu, aliyoinunua hapo. Hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe. Nyuma yake alikuwa mchukuzi, kompyuta kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi, nimefiwa."

Heriel akaifungua. Harufu ya kuungua ikajaa duka. Feni ya ndani ilikuwa imezibwa na vumbi, haizunguki, na bati la chini yake limekuwa jeusi. Mtu yeyote wa kazi ile angejua kuwa ni joto.

"Umeme tu, mama," akawahi Mzee Kantilal. "Umeme wa Dar unaujua mwenyewe."

"Hauwezi kuwa kingine," Celina akakubali. "Maana homa haikuwa nayo. Mpaka inakata roho ilikuwa thelathini na sita. Programu ya fundi ni shahidi. Kama ni umeme, sina wa kumlaumu, namwachia Mungu."

Heriel alikuwa amesamehewa kabla ya kushtakiwa. Alichotakiwa ni kunyamaza tu, na Mzee Kantilal alimtazama kwa macho ya kumsihi anyamaze. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Mama, si umeme, ni joto. Ile namba haipimi kitu. Niliiandika mimi ikae vile vile, hata mashine ikiwaka moto."

Mzee Kantilal alikohoa kwa muda mrefu.

"Tutakupa nyingine, mama," akasema haraka, kabla hajabadili mawazo.

Celina hakuwa akimsikia. Alijikalisha juu ya boksi, akaitazama ile feni iliyozibwa na vumbi.

"Mwanzoni nilikuwa naiwekea feni ya meza, inaipuliza kutwa," akasema taratibu. "Nilipoona kila asubuhi ni thelathini na sita, nikasema mwenzangu ni mzima. Nikaigeuza inipulize mimi."