Bei ya Kuku wa Rangi

Wifi yangu si mtu wa maneno mengi. Mimi naongea kwa niaba yetu wote wawili, kwa hiyo habari hii nitaisimulia mimi ingawa ni yake. Ameolewa na kaka yangu, dereva wa malori ya masafa marefu, mtu anayeonekana nyumbani mara moja kwa mwezi kama mshahara. Siku nyingine zote tunabaki watatu: mama, wifi, na mimi na cherehani yangu barazani. Nyumba ni ya mama, umeme nalipa mimi, na yeyote aliyewahi kuacha taa ya chooni inawaka ananijua.

Wifi alikuwa karani wa ofisi ya bima miaka kumi na saba. Ofisi ikafungwa. Mwezi wa kwanza alilala. Mwezi wa pili alifua mpaka mapazia yaliyokuwa safi. Mwezi wa tatu, tukiwa mezani, akaweka kikombe chini akasema, "Mimi siwezi kumwomba mtu hela ya sabuni kama mtoto. Nisipopata kazi hapa nitakwenda kwa dada."

Dada yake anaishi mji mwingine, safari ya siku nzima, na alikuwa ameshamtafutia nafasi ya ukarani kwenye ghala la nguo. Nilisema chai imepoa. Lakini roho iliniuma jamani, maana mimi na wifi tumezoeana kwa matani na kununiana, na nikiondolewa yeye sijui nitagombana na nani. Mama ana miaka sabini na minane, huwezi kugombana naye ukashinda.

Basi Mungu si Athumani. Wiki ile ile mwalimu mkuu wa chekechea ya mtaa wa pili alikuja kupimwa sketi, na huku namzungushia tepu kiunoni akalalamika kuhusu mitihani ya watoto. Kila mwezi anachapisha karibu kurasa elfu moja dukani, tena za picha za rangi, na duka linamtoza mkate mmoja kwa kila kurasa kumi. Yaani bei ya mkate, msije mkadhani alilipa kwa mikate. Nikamwambia, "Mwalimu, ndani kuna mtu amechapa barua miaka kumi na saba. Subiri nimwite."

Wakakubaliana hivi: wifi atachapa kurasa kumi na mbili kwa bei ya mkate, kwa majaribio ya mwezi mmoja. Mwezi ukiisha aseme kama anaweza kuendelea mwaka mzima kwa bei hiyo hiyo. Wifi alifunga mlango wake, akapiga hesabu ya karatasi na wino, akatoka na jibu moja: ili naye abaki na chochote, lazima karatasi na wino wa bei ya mkate mmoja vimtolee kurasa kumi na tano au zaidi. Zikiwa chini ya kumi na mbili, anatoa sadaka.

Sasa mashine. Mimi nilitaka tununue ile ndogo ya bei rahisi iliyokuwa dirishani mwa duka. Inachapa, inanakili, inaskani, na imepambwa utepe mwekundu. Wifi akanitazama kwa huruma. "Wifi, bei ya mashine ni mahari tu. Wino ndio matumizi ya kila siku. Hii katriji zake mbili zinakaribia bei yake yenyewe, na zikiisha hujamaliza hata darasa moja."

Tulizunguka maduka manne. Wifi alikuwa amechora ukurasa wake wa kupimia: kuku mwekundu mnene, amesimama kwenye majani ya kijani, jua la njano juu, na chini swali, "Kuku ana miguu mingapi?" Kila duka alitoa kuku wake kwenye flashi, akawasha saa ya simu, akasema, "Nichapie huyu mara kumi." Wauzaji walituchoka. Mmoja, mwenye tai pana, akamwambia kwa madaha, "Mama, chupa hizi za wino zinatoa kurasa elfu sita."

"Kurasa za nini?"

"Kurasa, mama. Za kawaida."

"Za kawaida ni barua yenye mistari michache. Mimi nauliza za kuku mzima."

Yule bwana akashika tai yake, akaenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa alikuja, akamtazama kuku, akakiri kwamba kwa kuku yule tusahau elfu sita, tuseme elfu moja na kitu. Nilifurahi hadi nikapiga makofi humo dukani. Kumbe ukikomaa na watu wa biashara, ukweli wanao, wanauficha tu chini ya kaunta.

Kulikuwa na mashine ya wino wa unga, ina kasi ya ajabu na kwa nyeusi ni rahisi kuliko zote, lakini haitoi rangi. Mtoto wa miaka minne umwambie azungushie kuku mwekundu, na kuku wote ni weusi? Nyingine ilikuwa inameza karatasi mbili kwa mpigo. Mwisho alichagua ile ya matangi, unayoijazia wino kwa chupa kama unavyojaza mafuta ya taa kwenye kibatari. Si ya haraka. Kuku mmoja ilimchukua muda wa kutia uzi kwenye sindano, kwa macho yangu haya. Lakini kuku alitoka na rangi zake. Wifi alilipa kwa kiinua mgongo chake, chote kilichobaki, na njia nzima alikaa na boksi mapajani.

Mashine ikawekwa sebuleni, kwenye soketi iliyo karibu na mlango. Wifi akabandika tepu nyembamba kwenye kioo cha kila tangi na kuweka alama kwa penseli, wino ulipofikia. Wiki ya kwanza alikuwa akiimba. Wiki ya pili akaacha kuimba. Wiki ya tatu nikamkuta amechuchumaa mbele ya matangi na rula.

"Wino unashuka kuliko kuku," akasema.

"Kivipi?"

"Nimechapa kurasa mia saba. Wino ulioondoka ni wa kurasa zaidi ya elfu moja na mia tano. Kwa hesabu hii napata kurasa tisa tu kwa mkate. Tisa, wifi! Hata duka ni nafuu kuliko mimi."

Alilaumu karatasi, akabadilisha karatasi. Alilaumu joto, akafungua madirisha. Akamlaumu mwenye tai, nami nikamsaidia kumlaumu, tena kwa maneno ambayo mama aliniomba niyapunguze. Dada yake naye akapiga simu: watu wa ghala wanataka jibu kufikia Ijumaa, ndiyo au hapana.

Jumatatu wifi alimwita fundi, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Fundi akaigeuza mashine, akafungua kifuniko cha chini, akavuta kipande cha sifongo. Lo! Kilikuwa kimelowa chepechepe, rangi zote nne zimechanganyika, kizito kama tambara la deki.

"Wino wako huu hapa," fundi akasema. "Mashine yako inaoga."

"Inaoga?"

"Hizi ukizizima kwa kitufe chake, zinajifunika mdomo vizuri, zinalala. Ukizikatia umeme ukutani, hazipati nafasi ya kujifunika. Ukiziwasha tena zinahofia wino umekauka, basi zinajisafisha kwa kumwaga wino humu. Kwa wino huu, hii ya kwako inaoga kama mara tatu kwa siku. Mimi mwenyewe sifikishi."

Wifi akashusha pumzi. "Basi ni umeme unaokatika mtaani. Hilo siwezi kulizuia."

Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale na tepu yangu shingoni. Jamani, umeme ulikatika mtaani mara moja tu mwezi ule. Anayechomoa plagi nyumba hii ni mimi. Namaliza kupiga pasi, nachomoa. Redio ikinyamaza, nachomoa. Ile taa ya kijani ya mashine ilikuwa inanikera tangu siku ya kwanza, inakonyeza tu, naona pesa yangu inakonyeza nayo. Asubuhi wifi akienda kununua karatasi, nachomoa. Mchana akila, nachomoa. Jioni kabla ya kulala, nachomoa, na kila mara nachomeka tena kabla hajaikaribia, asije akaninunia. Kikulacho ki nguoni mwako, na wifi wa watu alikuwa ananipikia.

Nilipaswa kusema pale pale. Sikusema. Mimi ninayesemea mpaka paka wa jirani, ulimi ukagoma. Nilijiambia nitasema kesho, akishapoa.

Kesho yake mchana nikamkuta anakunja nguo zake kitandani, gauni juu ya gauni, kimya. "Nimempigia mwalimu mkuu asubuhi," akasema. "Nimemwambia siwezi. Atarudi dukani. Ijumaa nitamjibu dada."

Nikakaa juu ya magauni yake.

"Wifi, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ninayeikatia umeme, kwa ajili ya ile taa ya kijani. Si mtaa. Ni mimi, mara tatu, siku nyingine nne. Nilijua tangu jana kwa fundi na nikanyamaza kwa aibu. Nipige kama unataka."

Hakunipiga. Alinitazama mpaka nikatamani anipige. Akatoka, nikasikia mashine inaguruma sebuleni. Kisha akarudi na karatasi mkononi, kuku mwekundu ukurasa mzima, na juu yake kwa herufi kubwa: WIFI, USIGUSE. Akaenda kuibandika juu ya soketi. Mama alipopita akaisoma kwa sauti, akacheka mpaka akatafuta pa kushika.

"Cheka, mama," wifi akasema. "Kazi yangu imekwenda na kiinua mgongo changu kimenywewa na sifongo, kwa sababu ya taa ya kijani ambayo kwa mwezi mzima haili umeme wa pasi yako ya siku moja!"

Hapo mama akarudi chumbani kwake. Nami sikujibu, na watu wa nyumba hii watawaambia hilo halijawahi kutokea.

Nilivaa viatu, nikaenda chekechea kwa miguu, haraka haraka, tepu bado shingoni. Nilimkuta mwalimu mkuu katikati ya walimu wake wote wakila wakati wa mapumziko. Nilitaka kumwita pembeni. Nikasema hapana, aibu nimeifanya mwenyewe, acha niile mwenyewe. "Mwalimu," nikasema mbele ya wote, "wifi yangu hakukosea hesabu hata moja. Aliyekuwa anakunywa wino ni mimi." Nikawaeleza yote, taa ya kijani, plagi, sifongo. Mwalimu mmoja alipaliwa na karanga. Mwalimu mkuu akafuta macho, akaniuliza kama kweli nimekuja bila kutumwa.

"Akijua niko hapa atahama leo badala ya Ijumaa."

"Basi mwambie aniletee bei Ijumaa saa nne asubuhi. Duka sijalijibu bado. Na sketi yangu umeibana kiunoni."

Nikasema nitaipanua bure.

Nilimfikishia wifi ujumbe wa mwalimu nikiwa mlangoni, kisha siku tatu zile sikukaribia sebule. Nilipita uani hata kwenda chumbani kwangu. Fundi alibadilisha sifongo kwa pesa yangu, wifi akaweka alama mpya, akachapa zile kurasa mia tatu zilizobaki za majaribio, na kila akimaliza alibonyeza kitufe, akasubiri mashine ijifunike, taratibu. Mimi nilikuwa barazani nashona mshono mmoja mara mbili. Kuulizia niliogopa.

Ijumaa asubuhi nilisikia rula ikiwekwa mezani. Kisha wifi akaita, "Wifi! Njoo hapa. Usiguse kitu."

Nikasimama mlangoni, mikono nimeifunga nyuma kama mwanafunzi.

"Kumi na tisa," akasema.

"Kumi na tisa nini?"

"Kurasa kumi na tisa kwa mkate, karatasi na wino ndani yake. Kuku mzima, wifi. Na majani yake."

Nilipiga kigelegele hadi mama akatoka na ufagio, akidhani kaka amerudi. Wifi hakupiga kigelegele, si tabia yake, lakini alivaa gauni la juu kabisa kwenye sanduku alilokuwa amelipanga kwa safari, akaenda kwa mwalimu mkuu na karatasi yake ya hesabu. Alirudi saa tano na barua ya mwaka mzima yenye mhuri. Akaiweka mbele yangu kwenye cherehani niisome, nikaisoma mara mbili.

Simu yake ikalia. Alikuwa dada yake. Wifi akasimama karibu nami akaongea polepole, kwamba amepata kazi huku huku, kwamba awashukuru sana watu wa ghala, kwamba nafasi wampe mwingine. Akasikiliza kidogo. Akaondoa simu sikioni, akaifunika kwa kiganja, akanigeukia.

"Dada anauliza, nimeamua mwenyewe, au kuna mtu huku ananizuia nisiende?"

"Mwambie yupo," nikasema. "Mwambie ni mimi."