Mama Djo na Filamu ya Mbwa

Mimi ni Watson, mwenye chumba cha video pale Kashikishi, soko letu la Nchelenge. Watu wanadhani kazi yangu ni kubonyeza vitufe tu. Filamu zinasema Kiingereza, na wateja wangu nusu ni Wabemba, nusu ni wafanyabiashara wa Kongo, kwa hiyo nasimama kando ya televisheni na kusema kwa lugha zao maneno ya kila mtu, baba, mama, mtoto, hata ng'ombe akihitajika. Nasimama nikiwatazama watazamaji usoni. Miaka kumi na moja ya kusimama hivyo imenifundisha kumwangalia zaidi yule anayetoka kabla ya mwisho.

Agnès alikuwa anatoka kabla ya mwisho. Sisi tunamwita Mama Djo. Ni mzaliwa wa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, mjane, muuza dagaa wakavu ambao hapa wanaitwa chisense. Ana mdomo, mama huyo. Ukiinua kopo la dagaa wake ukasema ni wachache, atakutaja wewe na ukoo wako mpaka ulipe ili akunyamazie. Na mbwa! Mbwa akipita karibu na mkeka wake, fimbo inatangulia salamu.

Basi mwaka jana nilipata filamu moja ya familia. Watoto watatu wanawaficha mbwa wasio na wenyewe katika gereji iliyoachwa, wanawalisha mabaki ya chakula cha shule, wanawaosha, wanahangaika nao kwelikweli. Nikaipanga Jumamosi mchana kwa ajili ya watoto. Wa kwanza mlangoni alikuwa Mama Djo. Akakaa kwenye benchi la mbele katikati ya watoto, kitenge kimefungwa vizuri, kama yuko misani. Jumamosi iliyofuata akarudi. Na nyingine, na nyingine. Kila mara, ikifika pale msichana mmoja wa wale watatu anamfunga mbwa kwenye nguzo na kumwambia ningoje hapa, nitarudi, Mama Djo anasimama na kutoka.

Mimi kazi yangu naipenda na ni mwepesi wa kukasirika. Nilidhani tafsiri yangu ndiyo inamkera. Siku moja nikamfuata mpaka kwenye mkeka wake.

“Mama Djo, kama ninasema vibaya, niambie.”

“Hapana, Papa Watson. Unasema muzuri sana. Ni miye niko mubaya.”

Akanieleza, akipepeta dagaa, bila kuniangalia.

Miaka mitatu kabla ya siku hiyo alikuwa anafanya kazi kwenye kambi ya wavuvi, kisiwani Chisenga, yeye na mwanawe wa pekee, Djo, mtoto wa miaka kumi na miwili. Djo na wenzake walikuwa wanawalisha mbwa wa kambi kwa vichwa vya samaki. Mmoja akawa wake kabisa, wa rangi ya udongo, akamwita Shefu kwa sababu hakubali mwingine ale kabla yake. Walikuwa wanalala mkeka mmoja, Djo na Shefu, ingawa mama alipiga kelele kila asubuhi.

Sasa, mwisho wa mwezi wa kumi na moja serikali hufunga ziwa, samaki wazae. Kambi huvunjwa, watu hurudi bara mpaka mwezi wa tatu. Mbwa hubaki. Tena mbwa hawajui habari ya serikali. Wakiona mitumbwi inaondoka huogelea nyuma yake mpaka wanazama. Ndiyo maana watu wa kisiwani huwafunga siku hiyo kwa kamba ya magome ya mti. Mbwa huitafuna taratibu, na akishaikata mitumbwi imekwisha kutoweka, naye huenda kujitafutia maisha.

Siku hiyo Levy, mwenye mtumbwi wa injini, alimhurumia Djo. Alisema imebaki nafasi moja, mbwa anaweza kupanda. Lakini gunia moja la Mama Djo lilikuwa bado mchangani.

“Nikaweka gunia,” aliniambia.

Kamba za magome zilikuwa zimekwisha, Levy anaita, injini inanguruma. Mama Djo akachomoa kamba ya nailoni kwenye gunia lake jingine, akamfunga Shefu nayo kwenye nguzo ya kukaushia nyavu. Mbwa ana meno, alijiambia. Mtumbwini Djo alikuwa analia. Akauliza, “Mama, umemufunga na kamba gani?” Naye akajibu, “Ile ya siku zote.”

Mwezi wa tatu ziwa lilipofunguliwa, Djo aliruka majini kabla mtumbwi haujagusa nchi, akakimbia akiita. Nailoni ilikuwa bado kwenye nguzo, nzima, na chini yake kilichobaki cha Shefu. Djo hakulia. Alifungua ile kamba, akaja kuiweka mkononi mwa mama yake. Kabla ya Pasaka alivuka kwenda Kilwa kwa baba yake mdogo, Ilunga. Tangu hapo mama akipiga simu, Ilunga anasema mtoto ni mzima, anasoma, anakula. Mtoto mwenyewe hashiki simu.

“Miaka mitatu, Papa Watson. Natamani anitukane tu, nimusikie.”

Nilichuchumaa kando ya mkeka. Akaniomba niiweke ile filamu kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu, akamtumia Djo kwa mkono wa Hervé, mfanyabiashara anayevuka kila wiki. Hakutuma barua wala salamu. Alisema Djo ataelewa, au hataelewa.

Wiki nne zikapita. Mama Djo akakonda. Kila Hervé aliposhuka alimtazama mikono, na mikono ilikuwa mitupu. Wiki ya tano kadi ilirudi.

Tuliiweka kwenye televisheni, sisi wawili, benchi tupu, mlango nimeufunga. Filamu ilikuwa imefutwa. Badala yake kulikuwa na picha fupi iliyopigwa kwa simu: pwani ya Kilwa, mbwa mweusi anakimbia ukingoni mwa maji, hana kitu shingoni. Sauti nzito ikamwita, “Kuya! Kuya hapa, weye!”

“Uyu mubaba ni nani?” Mama Djo akauliza.

“Ni Djo, Mama.”

“Hapana. Djo iko na sauti ya mutoto.”

Picha ikageuka, ukatokea uso wa kijana mrefu mwenye vinyweleo juu ya mdomo. Macho yalikuwa ya mama yake, makali vilevile. Akasema, “Mama, nimeona ile filme mpaka mwisho. Kama unapenda kuya, ukuye. Lakini kamba, usilete.”

Mama Djo aliniomba nirudie. Nikarudia mara nne, na mara ya tano alifumba macho asikie sauti tu. Alilia wazi, bila kujifunika. “Amekomala bila miye,” alisema. “Mutoto wangu amekomala bila miye.” Siku hiyo sikufungua video.

Jumatatu asubuhi nilimsindikiza bandarini. Hakuwa na gunia hata moja. Alikuwa na kikapu cha mandazi, na kwa sababu upepo wa ziwa ulikuwa unavuta kifuniko, alikikandamiza kwa kiganja. Levy, ni yuleyule Levy, akamtupia kipande cha kamba afungie. Mama Djo alikisukuma kwa mguu kama anasukuma nyoka.

“Bamayo, mama, mizigo iko wapi?” Levy akauliza.

“Leo hakuna. Lakini pa kurudia uniachie place tatu. Yangu, ya mutoto, na ya imbwa yake.”

Levy akacheka. “Place tatu! Na magunia ya batu?”

Mama Djo alikuwa amekwisha kukaa, kiganja juu ya kikapu, uso kuelekea Kilwa.

“Magunia,” alisema, “tutaacha ku muchanga.”